Hukumu ya deni iliyoletwa na kosa la bima: hatua za kuchukua ukiwa Mtwara au Lindi

Dalali wa mahakama alikuja nyumbani kwangu Chikongola saa tatu asubuhi, nikiwa napepeta mchele. Aliniamkia "shikamoo mama", akasubiri niitikie, ndipo akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na tuzo ya mahakama, yaani amri ya kulipa inayotokana na hukumu, ya shilingi milioni 18 na laki 4 dhidi yangu, pamoja na notisi kwamba nisipolipa ndani ya siku 14, Noah yangu itakamatwa na kupigwa mnada.

Gari lile lilikuwa na bima. Dereva wangu alimgonga kijana wa bodaboda pale Nanguruwe, kijana akavunjika mguu na kulazwa Ligula. Taarifa nilitoa. Samansi ya kuniita mahakamani ilipokuja niliipeleka kwa wakala wa bima siku hiyohiyo, akaniambia, "Mama, wewe kapumzike, mawakili wa kampuni watasimama." Hawakusimama. Miezi baadaye ndipo nilipojua sababu: kwenye namba ya usajili kadi ya gari inasoma DKB, lakini siku ya kukata bima wakala aliandika DBK. Taarifa yangu ya ajali ilipofika makao makuu haikuoana na bima yoyote, ikawekwa pembeni. Mahakama ikasubiri utetezi, haikuuona, ikasikiliza upande mmoja na kutoa hukumu.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya yeyote aliyeshika bahasha kama ile leo. Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba hukumu ina jina lako, haina jina la kampuni ya bima. Siku zinazohesabiwa mahakamani zinahesabiwa juu yako, hata kama kosa ni la mtu aliyekaa ofisini Dar es Salaam. Wengi wetu huanza kwa kukimbilia kwa wakala na kugombana naye wiki tatu. Mimi nilipoteza siku nne hivyo, na kila siku ilinigharimu maelezo baadaye. Anza na mahakama.

Siku ya kwanza: nenda masjala ya mahakama

Angalia kwenye karatasi mahakama gani imetoa hukumu, namba ya shauri na tarehe ya hukumu. Mahakama ya Mwanzo ina taratibu zake tofauti. Haya ninayoeleza ni ya Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, ambako kesi nyingi za fidia ya ajali hufunguliwa.

Andika barua fupi ya kuomba nakala za hati ya madai, hukumu, tuzo, mwenendo wa shauri, na kiapo cha mtu aliyepeleka samansi. Hicho cha mwisho watu hukisahau, na ndicho kinachoonyesha mahakama iliamini vipi kwamba uliitwa. Ukikuta kimeandikwa kwamba samansi ilipokelewa na mtu usiyemjua, au ilibandikwa kwenye nyumba ambayo si yako, hoja yako imeanzia hapo. Peleka barua nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Muhuri ule wenye tarehe utakuja kukusemea.

Usione haya kuuliza mbele ya karani. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hiyo una haki ya kueleweshwa shauri lako kwa lugha unayoielewa. Malipo yoyote ya mahakama hulipwa kwa kontro namba, hayalipwi mkononi.

Hesabu siku kwa kalenda

Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, maombi ya kutengua hukumu iliyotolewa upande mmoja yana siku 30. Chukua kalenda ya ukutani, weka alama tarehe ya hukumu, hesabu. Kuna pia hukumu inayotolewa kwa sababu tu utetezi wa maandishi haukuwasilishwa, na hiyo ina utaratibu wake na muda wake mfupi zaidi. Mwonyeshe wakili tuzo akuambie yako ni ipi.

Kama siku zimepita, kama zilivyokuwa zimenipita mimi, usikate tamaa, lakini jua kwamba kazi imeongezeka. Unaanza kwa maombi ya kuongezewa muda, na lazima utoe sababu ya kutosha. Mahakama ya Rufani imeshikilia kwa miaka mingi kwamba mwombaji aeleze kila siku aliyochelewa, hata ikiwa ni moja. Ndiyo maana nasema zile siku nne za kugombana na wakala zilinigharimu. Nilitakiwa kueleza nilikuwa wapi. Tangu leo shika daftari: tarehe 3 nilienda masjala nikaambiwa jalada liko kwa hakimu, tarehe 5 nilisafiri kwenda Lindi kuonana na wakili, tarehe 6 nilikuwa hospitali, karatasi hii hapa.

Kosa lingine ni kukimbilia Mahakama Kuu kukata rufaa. Ukiwa unalalamika kwamba hukusikilizwa, mlango wa kwanza ni mahakama ileile iliyotoa hukumu. Ukiruka hapo utarudishwa, na muda utakuwa umekwenda.

Kosa la bima liwe kwenye karatasi

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wakala akikwambia kwa mdomo "pole mama, ni kosa letu", maneno yale hayana uzito mbele ya hakimu. Unahitaji barua ya kampuni, yenye nembo, saini na tarehe, inayosema mambo matatu: kwamba gari lilikuwa na bima siku ya ajali, kwamba ulitoa taarifa ya ajali na kuwasilisha samansi tarehe fulani, na kwamba hawakuingia kwenye kesi kwa sababu ya kosa la kumbukumbu zao.

Hawatakupa barua hiyo kwa hiari. Ilibidi niende na uthibitisho ambao hawawezi kuukwepa. Nilikaa na meneja wa tawi, nikaweka kadi ya gari upande mmoja na kavanoti, ile hati ya bima anayotoa wakala, upande mwingine, nikamwomba tusome pamoja. Herufi za namba ya usajili hazikuoana. Nikamwomba tushuke mstari wa chini, kwenye namba ya chasisi. Tulisoma tarakimu moja moja, yeye akiweka kalamu kwenye kavanoti na mimi kidole kwenye kadi, mpaka ya mwisho. Zilikuwa sawasawa. Jina langu sawa, rangi ya gari sawa, aina sawa. Akanyamaza, kisha akasema, "Gari ni hilihili."

Basi wewe pia kabla ya kwenda kusanya: kadi ya gari, kavanoti na stika, risiti ya malipo ya bima, ripoti ya trafiki, fomu ya madai uliyojaza, na chochote kinachoonyesha ulipeleka samansi. Stika unaweza kuihakiki mwenyewe kwa simu kwenye mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Ingiza namba, piga picha kinachotokea, chapisha. Picha yangu ilionyesha bima hai yenye namba ya usajili isiyo ya gari langu. Karatasi ile moja ilieleza kosa lote.

Kama hukusainiwa popote ulipopeleka samansi, na wengi hatusainiwi, tafuta meseji. Mimi nilikuwa na ujumbe niliomwandikia wakala: "Nimekuachia zile karatasi za mahakama," naye akajibu, "Sawa mama nimeziona, nazituma leo." Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii. Chapisha, lakini simu yenyewe usiiuze wala usifute kitu. Mwambie wakili wako mapema, kwa sababu kuna kiapo kinachohusu simu hiyo kinachotakiwa kuandamana nayo.

Barua ya kampuni niliipata siku ya kumi na moja. Kama ingechelewa zaidi ningewasilisha maombi bila hiyo, nikaeleza kwenye kiapo kwamba nimeiomba na kuambatanisha barua yangu yenye mhuri wa kupokelewa. Usiisubiri huku siku zinakwisha.

Maombi mahakamani

Unaomba mambo mawili kwa pamoja: hukumu itenguliwe, na utekelezaji wake usimame mpaka maombi yasikilizwe. Hilo la pili usilisahau. Kuwasilisha maombi peke yake hakumzuii dalali kukamata mali. Hakimu anaweza kukutaka uweke dhamana, kwa hiyo fikiria mapema nini unaweza kuweka.

Moyo wa maombi ni hati ya kiapo, nayo huapwa mbele ya Kamishna wa Viapo. Andika ukweli mtupu. Mtu mmoja pale nje ya mahakama alinishauri niseme sikupata samansi kabisa. Nilipata, na kiapo cha mpeleka samansi kilikuwa na saini yangu. Ningesema vile, kila kitu kingine nilichoandika kingekufa pamoja na uongo huo.

Ujue pia ugumu uliopo. Mahakama zetu mara nyingi zimekataa kusamehe uzembe wa wakili kama sababu ya kutosha, na upande wa pili atataka uzembe wa kampuni ya bima uhesabiwe vivyo hivyo. Atasema, "Alimwachia mtu mwingine kesi yake akalala." Kwa hiyo kiapo chako kisiishie kulaumu kampuni. Kionyeshe ulichofanya wewe: ulipeleka samansi lini, ulifuatilia lini na kwa njia gani, uliambiwa nini, na ulipojua kuna hukumu ulichukua hatua gani kila siku. Kwangu, hakimu alitaja zile meseji mbili za ufuatiliaji na barua ya kampuni katika uamuzi wake. Maneno yangu ya uchungu kuhusu wakala hakuyataja hata moja.

Onyesha pia kwamba ukisikilizwa una la kusema. Ukubwa wa fidia, mwendo wa bodaboda, kama alikuwa na mwanga usiku ule. Si lazima uthibitishe, lakini hakimu asione kwamba anafungua kesi ambayo itaisha vilevile.

Kuhusu wakili: kazi hii ukiweza ipe wakili. Hakikisha jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla ya kutoa hela, kwa maana vishoka wapo. Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Ulizia kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, iwe Masasi, Newala, Nachingwea au Kilwa. Msaidizi wa kisheria hatakusimamia mahakamani, ila atakusaidia kupanga nyaraka na kuandika barua, na hiyo ni nusu ya kazi.

Wakati unasubiri: nini hakikamatwi

Usiku wa kwanza mwanangu aliniuliza kama watachukua nyumba. Sikuwa na jibu. Jibu ni hili: Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inakinga nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake, nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda, na zana za fundi za kazi yake. Inakinga pia shamba la mtu ambaye maisha yake yote yanategemea shamba hilo, na hapa kwetu kwenye mikorosho ni jambo kubwa. Gari la biashara halikingwi. Nyumba ya kupangisha pia inaweza kukamatwa.

Kinga hii haijitokezi yenyewe. Ukiona mali iliyokingwa imeorodheshwa, peleka pingamizi mahakamani mara moja. Vivyo hivyo kama wamekamata kitu cha mtu mwingine, tuseme friji ya dada yako au pikipiki ya mdogo wako: mwenye mali ndiye alete pingamizi lake na risiti yake.

Ukiitwa kujieleza kwa nini usiwekwe jela kama mfungwa wa madai, nenda. Nenda hata kama unaumwa, nenda hata kama huna shilingi. Anayekwenda na kueleza hali yake husikilizwa. Asiyekwenda hutolewa hati ya kukamatwa. Na usifiche gari kwa shemeji kule Tandahimba. Kuficha mali ili tuzo isitekelezwe ni moja ya mambo yanayompeleka mtu ndani.

Deni nalo halilali. Hukumu ya madai kwa kawaida hubeba riba ya asilimia 7 kwa mwaka mpaka ilipwe, na aliyeshinda kesi ana miaka 12 ya kuikazia, yaani kuitekeleza kupitia mahakama. Wanaosema "atachoka mwenyewe" wanakudanganya.

Yule kijana wa bodaboda

Naomba hapa unisikilize vizuri. Aliyekushtaki si adui yako. Kijana yule alikaa na chuma mguuni, msimu mzima wa korosho ukampita bila kubeba abiria. Anastahili fidia. Kosa la bima limemuumiza yeye pia, kwa sababu ana karatasi ya ushindi isiyo na pesa.

Nilimwendea nikiwa na mjumbe wetu na kaka yake mkubwa. Sikwenda kumwomba afute kesi. Nilimwambia, "Mwanangu, bima ilikuwepo, imekwama kwa kosa lao, nami naihangaikia. Bima ikiingia utalipwa upesi kuliko kusubiri Noah iliyochakaa iuzwe." Alikubali dalali asimame kwa muda, tukaandikishana.

Ukiamua kumlipa sehemu, lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, kisha malipo hayo yaripotiwe mahakamani na kuandikwa kwenye jalada. Pesa iliyolipwa nje na haikuthibitishwa mahakamani, mahakama haitaitambua inapokazia hukumu. Kuna mzee mmoja wa Mtama alilipa milioni 3 mkononi chini ya mwembe mbele ya mashahidi wanne, na dalali akaja kudai deni lote. Mkikubaliana kulipa kwa awamu, makubaliano hayo nayo yapelekwe kwa hakimu yawe amri.

Sasa geukia kampuni ya bima

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inaitaka kampuni ilipe hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake kwa kifo au majeraha ya mtu wa tatu, yaani mtu wa nje aliyeumizwa na gari, hata kama bima yenyewe ni ile ndogo inayomkinga mtu huyo tu. Lakini kampuni ina haki ya kupewa taarifa ya kesi mapema, na hapo ndipo wanapojaribu kujitoa. Ndiyo maana ule ushahidi wa siku uliyopeleka samansi unafanya kazi mara mbili: mahakamani na kwao.

Waandikie barua ya madai makao makuu, usiishie kwa wakala. Taja namba ya bima, omba wasahihishe namba ya usajili kwa hati ya marekebisho, na wadai walipe tuzo, riba na gharama zako. Wape tarehe ya kujibu. Nakala ipeleke TIRA, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mtwara, kwa hiyo mtu wa Lindi au Ruangwa halazimiki kusafiri hadi Dar es Salaam. Kwa malalamiko ya mteja dhidi ya kampuni kuna pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Ulizia kwake kabla hujafungua kesi dhidi ya kampuni, maana usuluhishi na kesi juu ya jambo hilohilo haviendi pamoja.

Ikishindikana, dai lako dhidi ya kampuni ni la mkataba, na muda wake ni miaka 6. Angalau hapo huna haraka ile ya siku 30.

Kama deni ni mkopo wa marehemu

Wajane kadhaa wameniuliza hili, nami najibu kwa ufupi. Mikopo mingi ina bima ya kifo inayokatwa mwanzoni. Kampuni ikikosea jina au tarehe ya kuzaliwa ikagoma kulipa, mkopeshaji hurudi kudai kwa familia. Mjane au mtoto harithi deni kwa nafsi yake. Deni hulipwa na mali ya marehemu kupitia msimamizi wa mirathi, isipokuwa kama ulisaini kuwa mdhamini au uliweka nyumba yako rehani. Kabla ya kusaini karatasi yoyote ya "kuendeleza marejesho", omba nakala ya hati ya bima ya mkopo huo.

Hukumu ikitenguliwa

Hapa wengi hulala tena. Kutenguliwa kwa hukumu ni kurudi mwanzo wa kesi. Hakimu atakupangia siku ya kuwasilisha utetezi wa maandishi. Kwa kawaida, tangu samansi ikufikie, muda ni siku 21. Safari hii usimwachie mtu. Mimi nilitakiwa kwanza kumlipa kijana gharama za usumbufu, nikalipa wiki ileile.

Pamoja na utetezi, omba kibali cha kuiingiza kampuni ya bima kwenye kesi kama mhusika wa tatu, baada ya mdai na wewe mdaiwa, ili kama utaonekana unawajibika, mahakama iamue hapohapo nani anabeba deni. Kampuni yangu ilipopata notisi hiyo, ikiwa na barua yake yenyewe imeambatanishwa, wakili wao alisafiri kuja Mtwara kwa mara ya kwanza. Kikao cha pili waliomba maridhiano. Kijana alikubali kiasi, kampuni ikalipa moja kwa moja kwake, na makubaliano yakasajiliwa kuwa hukumu.

Malipo yalipokamilika niliomba mahakama iandike kwamba tuzo imelipwa yote na jalada lifungwe, nikachukua nakala yenye mhuri. Niliipeleka mwenyewe kwa yule dalali, ofisini kwake, akasaini kwamba ameipokea na kufuta gari langu kwenye orodha yake. Nakala hiyo iko kwenye faili moja na kadi ya gari. Na kila mwaka stika mpya ikitoka, nasimama pale dirishani kwa wakala, nasoma kadi na stika herufi kwa herufi mpaka mwisho wa namba ya chasisi, ndipo nalipa.